Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kodi yetu na helikopta zilizofutwa

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni, vijana habari zenu,

Hii ndo taarifa yangu ya mwaka 2025. Najua mmezoea taarifa ya mwenyekiti inaanza na misiba na sherehe ya Desemba, na hayo yapo, mweka hazina ameshaweka hesabu zote kwenye grupu na karatasi zitakuwepo mlangoni, misiba miwili tumeisimamia mpaka mwisho, na ada wamelipa watu 41 kati ya 58, nyie 17 mnajijua sitawataja. Ila mwaka huu muda wetu mwingi umeenda kwenye jambo moja, nalo ni helikopta za jeshi ambazo serikali ya hapa Marekani inazilipia miaka na miaka alafu inazifuta, na kwa vile kuna watu wameniuliza chama cha kusaidiana kinatafuta nini kwenye mambo ya jeshi, naomba nielezee vizuri.

Kaka yetu mmoja wa Bukavu, wengi mnamjua kwa wali wake wa shughuli, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha vipuri huku huku Georgia, miaka sita, zamu ya usiku, kutoboa na kusugua vyuma vya ndege. Usiku mmoja wakaitwa kantini kabla zamu haijaisha wakaambiwa ile oda kubwa waliyokuwa wanaisubiri haiji tena, mradi wa helikopta umefutwa huko Washington, watu kadhaa warudishe beji. Jumamosi ile akaja kikaoni na viatu vyake vya kazi kwenye mfuko wa plastiki, vile vyenye chuma mbele, akauweka chini ya kiti, na ilipofika mengineyo akasimama akauliza, "Hela ilikuwepo, tulikuwa tunasikia mabilioni kila siku, sasa imeenda wapi na helikopta yenyewe iko wapi?" Ukumbi mzima kimya. Watu wote mle ndani tunakatwa kodi kila wiki mbili na hakuna aliyekuwa na jibu. Ndo kamati ikaamua kila kikao tutoe saa moja tulifuatilie.

Mradi wenyewe ulikuwa unaitwa FARA, helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi ya Jeshi la Nchi Kavu. Ulianza 2018, Machi 2020 zikabaki kampuni mbili zinashindana, Bell na chombo chake Invictus, Sikorsky na Raider X, na tarehe 8 Februari 2024 jeshi lenyewe likatangaza kwamba basi, baada ya kama dola bilioni 2 kutumika. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimeundwa, vipo, lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kunyanyuka ardhini, moja ya sababu ni kwamba injini mpya iliyotakiwa ifungwe ilichelewa sana kufika. Mkuu wa jeshi hilo wakati huo, Jenerali Randy George, akaeleza kwamba wamejifunza kwenye uwanja wa vita hasa Ukraine, upelelezi wa angani umebadilika, yaani droni ya bei ndogo inaona kile ambacho zamani ulikuwa unamtuma rubani na roho yake akakione.

Sa mimi niliposoma hapo nikadhani nimefika mwisho wa habari kumbe ndo naanza, maana hii ilikuwa mara ya nne jeshi hilo hilo linajaribu kupata mrithi wa helikopta moja ndogo inaitwa Kiowa, iliyoanza kazi enzi za Vietnam mwaka 1969! Mara ya kwanza ilikuwa Comanche. Mara ya pili ilikuwa Arapaho ya Bell, mkataba wa 2005, helikopta 368, ambayo mwanzo ilikuwa inatokana tu na helikopta ya kiraia inayojulikana ili iwe rahisi na ya haraka, bei ikahesabiwa dola milioni 8.56 kwa moja, ikafika milioni 14.48, na Oktoba 2008 ikafutwa. Mara ya tatu hata haikufika mbali, 2013 wakaiacha. Kiowa zenyewe zikastaafishwa 2017 bila mrithi.

Comanche naomba nikae nayo kidogo kwa sababu tulienda kuiona. Septemba tulikodi gari la watu kumi na tano, tukaondoka alfajiri, masaa manne na kitu barabarani mpaka kambi ya Fort Rucker kule kusini mwa Alabama, ambako jeshi lina makumbusho yake ya helikopta. Mwenzetu mmoja kitambulisho kilikuwa kimeisha muda akabaki nje ya geti kwenye mgahawa anatusubiri, pole sana ndugu yangu, mwakani tutakagua kabla. Ndani nikasimama mbele ya ile kitu muda mrefu. Ni nzuri jamani, lazima niseme ukweli. Nyembamba kama samaki, mapanga matano juu, pangaboi la mkiani limezamishwa ndani ya mkia, na silaha zinafichwa tumboni ili rada isiione kirahisi. Mzee wetu wa Mombasa, fundi wa meli wa miaka mingi, aliizunguka mara mbili mikono nyuma akasema hiki chombo kimetengenezwa na watu wanaojua kazi. Na kweli walijua. Zilitengenezwa mbili tu zikaruka, ya kwanza tarehe 4 Januari 1996, na zote mbili sasa hivi ni mali ya makumbusho hayo. Hesabu ya mradi mzima mpaka unafutwa tarehe 23 Februari 2004 ilikuwa karibu dola bilioni 6.9, gawanya kwa mbili uone mwenyewe.

Ilifikaje huko? Hapa ndo tulijifunza zaidi ya sehemu nyingine zote. Wazo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati huo wakizungumzia helikopta kama 5,000, nyepesi, za bei nafuu. Mkataba wa Boeing na Sikorsky ukaja 1991, mwaka ule ule Umoja wa Kisovyeti, yaani adui aliyekusudiwa, unavunjika. Alafu kila mwaka inaongezwa kitu, ione usiku, isionekane kwenye rada, ipeleke ujumbe wa kompyuta, ibebe makombora mengi zaidi, chombo kinakuwa kizito, kinachelewa, bei inapanda, na kwa vile bei imepanda wanapunguza idadi, wakafika 1,213, baadae 650. Na ukipunguza idadi bei ya kimoja inapanda tena! Akina dada walielewa haraka kuliko wote nilipowapa mfano wa sare ya harusi: mmekubaliana watu mia, mbunifu anataka hela yake ya mchoro na sampuli, hiyo ni moja haibadiliki, sa mkibaki watu kumi na tatu ile hela ya mchoro mnaibeba nyie kumi na tatu, kila mtu anaona gauni limekuwa ghali anajitoa, mwisho mnabaki na sampuli mbili na deni.

Na sio kwamba watu hawakuona. GAO, ambao ndo wakaguzi wa Bunge la Marekani, walishaandika kabla ya kufutwa kwamba malengo ya Comanche hayatekelezeki kwa muda na hela zilizopo. Ripoti ziko wazi mtu yeyote anasoma. Lakini kazi za mradi kama huu zinasambazwa majimbo mengi, kwa hiyo kila mbunge ana kiwanda cha kutetea, na kila mwaka ni rahisi kutoa hela ya mwaka mmoja zaidi kuliko kumwambia mtu kama kaka yetu wa Bukavu kwamba kazi imekwisha. Hicho ndo kinachoniuma, maana wale wafanyakazi wanatumiwa kama ngao wakati mradi unaendelea, na siku ya kufutwa hakuna anayewakumbuka.

Helikopta ya rais wa Marekani nayo mliicheka sana kikaoni ila ilinikasirisha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 ikaonekana rais anahitaji helikopta mpya, mkataba ukatolewa 2005, helikopta 28 kwa dola bilioni 6.1, wakazidisha masharti mpaka hesabu ikavuka bilioni 13. 2009 Obama alipoulizwa na Seneta McCain mbele ya watu akasema hii aliyonayo inamtosha, na mwaka huo huo ikafutwa, zaidi ya bilioni 3 zikiwa zimeshatumika. Helikopta tisa zilizokuwa zimeshaundwa walikuja kuuziwa Kanada 2011 kwa dola milioni 164 za Kanada, kwa ajili ya vipuri. Vipuri!

Kuna wenzetu walisema hii ni tabia ya Marekani peke yake, hapana. Waingereza 1995 waliagiza helikopta nane za Chinook za pauni milioni 259, zikafika 2001, zikawekwa bandani miaka kwa sababu mkataba haukuwapa njia ya kuthibitisha kwamba programu za kompyuta zake ni salama, wakati huo huo wanajeshi wao Afghanistan wanalia hawana helikopta. Na Watanzania tuliokuwa mle ndani hatukuhitaji kukumbushwa, maana chenji ya rada sisi tunaijua. Rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, ya pauni milioni 28, nchi inayokopa, Benki ya Dunia ikasema ni ghali kuliko inavyohitajika, ikanunuliwa, na baada ya kesi ya 2010 kule Uingereza kampuni ikarudisha pauni milioni 29.5 zikanunua vitabu na madawati. Dada mmoja mwalimu wa zamani wa Morogoro alisema madawati yale aliyaona kwa macho yake, watoto waliokuwa wanakaa chini wakakaa juu. Tofauti ya pale na hapa ni kwamba pale hela ilirudi. Ya Comanche haikurudi na kisheria hakuna aliyekosea.

Kulikuwa na ubishi mkubwa kikao cha Juni na lazima niutaje kwa sababu ulinibadilisha msimamo. Wengine walisema tuandike barua ya kutaka jeshi lisinunuliwe kitu kabisa. Akasimama mama mmoja wa Nairobi, mwanae yuko jeshini, fundi wa helikopta za Black Hawk, akasema, "Mimi sibishani na nyinyi, mi nataka mwanangu apande chombo kizima." Kisha akatuambia tukasome Comanche ilipofutwa hela yake ilienda wapi. Tukasoma. Jeshi lilisema hela zilizobaki ziende kununua karibu helikopta 800 za aina zilizopo na kukarabati nyingine 1,400, pamoja na vifaa vya kuzikinga na makombora, maana Iraq zilikuwa zinaangushwa na watu wenye mizinga ya begani. Kwa maana hiyo ile miaka yote ya kuchelewa kufuta, kuna hela ambazo zingekuwa zinamkinga mtoto wa mtu kwenye helikopta ya zamani. Tangu siku ile sisemi tena kwamba kufuta mradi ndo upotevu, upotevu uko nyuma, kwenye ile miaka ambayo wenye kujua wanajua na hawasemi. FARA ilifutwa baada ya miaka sita na bilioni 2, Comanche baada ya zaidi ya ishirini na karibu bilioni 7, na kwa hilo naona kuna kitu kimejifunzwa japo kwa kaka yetu haina faraja.

Kwa hiyo barua tuliyotuma kwa mbunge wetu na maseneta wawili, iliyosainiwa na watu 36, haikudai jeshi livunjwe. Ilidai kwamba sheria ya Nunn-McCurdy, ile inayolazimisha Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, kutoa taarifa Bungeni bei ya silaha ikipanda kupita kiwango, isiishie kwenye makaratasi, wananchi waelezwe kwa lugha rahisi jimboni kwao. Ilidai vyombo vya majaribio virushwe kwanza ndo oda ije. Na ilidai mradi ukifutwa pawe na fungu la kuwafundisha wafanyakazi kazi nyingine, kwa sababu mkataba una malipo ya kampuni ukivunjwa lakini mtu wa zamu ya usiku hamo. Majibu tumepata moja, barua fupi ya kushukuru, tutaandika tena Februari.

Naomba pia radhi. Barua ya kwanza niliandika kwamba Comanche zilijengwa nne, kijana wetu aliyekuwa jeshini akanisahihisha tukaichelewesha wiki mbili. Nilikuwa na haraka na jambo lenyewe lilikuwa haliruhusu haraka.

Kaka yetu wa Bukavu sasa yuko chuo cha ufundi anasomea kurekebisha mitambo ya baridi, chama kilimchangia dola 900 za vitabu na vifaa, na viatu vyake vile bado anavivaa. Mwakani kamati inapendekeza tuendelee na saa yetu moja, safari hii tufuatilie bajeti ya shule za kaunti yetu, na fundi wa Mombasa amekubali kuongoza. Mtapiga kura.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane mchana, ukumbi ule ule lakini tumieni mlango wa nyuma, mbele wanatengeneza ngazi. Anayeleta chakula amwambie katibu mapema, na nyie 17 njooni na ada.