Mdogo wangu, neno lile usimwite tena mwanao

Mdogo wangu,

Jumapili ile sikutaka kukusema mbele ya wifi. Mwanao alikuwa mezani na daftari la hesabu. Saba yake ameifuta mara tatu mpaka karatasi imetoboka, na bado imegeukia upande usio wake. Ukachungulia, ukatamka neno moja tu, "Moron," ukarudi kwenye simu yako. Ulipotoka akaniuliza, "Shangazi, moron ni nini?" Nikamwambia ale kwanza.

Najua umelizoea. Mnataniana nalo ofisini, na tusi la Kiingereza halituchomi mdomoni kama la kwetu. Ungemwita mpumbavu, ungeshtuka mwenyewe.

Lakini neno hilo halikuanza kama utani. Lilitungwa mwaka 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey. Alilichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu, akalifanya daraja rasmi la watu ambao akili yao ilipimwa ikaonekana haizidi ya mtoto wa miaka 8 hadi 12. Chini yao akawaweka "imbecile," na chini kabisa "idiot." Goddard aliamini hali hiyo hurithiwa, kwa hiyo watu hao wasiachwe wazae.

Na kweli walizuiwa. Carrie Buck wa Virginia alipewa daraja hilo la moron akiwa msichana wa miaka 17. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu afungwe kizazi bila hiari yake, majaji 8 kwa 1. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Hicho kizazi cha tatu kilikuwa Vivian, binti wa Carrie, aliyeangaliwa akiwa na miezi michache tu wakasema hayuko sawa. Vivian alianza shule, akafika kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Maradhi yakamchukua akiwa na miaka 8. Mwanao anatimiza 8 mwaka huu.

Sisi mjinga wetu ni mtu ambaye hajajua bado. Mwalimu Nyerere aliuhesabu ujinga kuwa adui pamoja na umaskini na maradhi, kitu cha kupigwa vita darasani, na wazee walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mlango wameuacha wazi. Neno la Goddard lilitungwa kuufunga, nawe umemtupia mtoto ambaye kifutio kilikuwa bado mkononi.

Ukichoka, mwache nije nimfundishe mimi. Kazi ya saba ni dakika kumi, na mkono wake ukishikwa polepole unafuata.

Jumapili nakuja tena. Ataniuliza, maana yule hasahau. Nitamwambia akuulize wewe.

Dada yako