Picha ya umati haitoshi: tuandike pia kazi iliyo nyuma ya maandamano ya Marekani

Mhariri,

Kila maandamano makubwa yanapofanyika Marekani, kurasa za habari za kimataifa hutoa picha ileile: watu wamefurika barabarani, mabango juu, askari pembeni. Chini ya picha huwekwa idadi, na kesho yake habari imekwisha. Msomaji anabaki akiamini mambo mawili yasiyo kweli: kwamba uzito wa maandamano ni wingi wa watu, na kwamba nchi ile imepasuka kiasi kwamba wafuasi wa Republican na wa Democratic hawawezi tena kusimama upande mmoja wa barabara. Naomba nafasi nieleze yanayofanyika kabla na baada ya picha hiyo, maana humo ndimo umoja wao unamojengwa au kubomolewa.

Nianze na hiyo idadi. Waandaaji wa maandamano ya "No Kings" ("Hatutaki Wafalme") ya kumpinga Rais Trump, ya Oktoba 18, 2025, walitaja karibu watu milioni 7 katika maeneo yapatayo 2,700. Hiyo ni hesabu ya waandaaji, na gazeti liseme wazi kuwa ni yao. Njia ya kupima umati ipo tangu miaka ya 1960, ilipobuniwa na Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika umati uliolegea, kila mtu huchukua futi 10 za mraba, yaani pungufu kidogo ya mita moja ya mraba. Umati uliobanana, kila mtu futi 4.5. Barabara yenye upana wa mita 20 iliyojaa kwa urefu wa mita 400 ina mita za mraba 8,000: watu wakiwa wamelegea ni kama 8,600, wakibanana ni kama 19,000. Makosa mengi hutokea kwa sababu mpiga hesabu husimama karibu na jukwaa, ambako watu wamebanana, kisha akachukua msongamano ule na kuutandaza hadi mkiani, ambako watu wanatembea huku wakipunga mikono.

Ipo pia ile asilimia 3.5 ya wananchi inayorudiwa mitandaoni, kwamba watu wa kiasi hicho wakishiriki, serikali lazima isalimu amri. Ilitokana na utafiti wa mwanasayansi wa siasa Erica Chenoweth kuhusu harakati za kuangusha tawala au kujikomboa kutoka kwa mtawala wa kigeni, na mwenyewe ameonya kwamba ni jambo lililoonekana katika historia, si sheria. Kuitumia kama kipimo cha mgogoro wa bajeti au wa sheria ya uchaguzi ni kupima maziwa kwa rula.

Kinachopima vizuri zaidi ni dai. Je, lipo moja linaloweza kujibiwa "ndiyo" au "hapana" na mtu anayejulikana kwa jina na cheo, kabla ya tarehe fulani? Pale lilipokuwepo, mpasuko wa vyama ulipungua nguvu, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni mgomo wa walimu wa West Virginia wa mwaka 2018. Jimbo hilo lilimpa Donald Trump zaidi ya theluthi mbili ya kura mwaka 2016, na miongoni mwa waliogoma walikuwamo waliompigia na waliompinga. Hawakujadili hilo. Walijadili mshahara uliokuwa karibu na mkia wa orodha ya majimbo yote, na bima ya afya ya watumishi wa umma iliyokuwa ikizidi kuwa ghali. Februari 22 shule zilifungwa katika kaunti zote 55.

Namna walivyofika hapo inafaa kuelezwa polepole. Kura zilipigwa kaunti kwa kaunti, tena hawakuulizwa walimu peke yao, bali madereva wa mabasi na wapishi pia. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo. Mwalimu akigoma peke yake, mkuu wa shule hutafuta wa kushika zamu. Dereva asipokuja, hakuna mtoto anayefika. Kwa kuwa sheria ya jimbo haikuwapa watumishi wa umma haki ya kugoma, wingi huo uliwafanya wakurugenzi wa elimu wa kaunti wafunge shule wenyewe, na mgomaji mmoja mmoja hakubaki peke yake mbele ya adhabu. Kisha kulikuwa na chakula. Watoto wengi wa jimbo lile hutegemea mlo wa shuleni, hivyo wafanyakazi wa shule walifungasha mifuko ya chakula na kuipitisha makanisani na kwenye vituo vya misaada. Bila mifuko ile, mzazi mwenye watoto watatu nyumbani angekuwa adui wa mgomo kufikia siku ya tatu.

Februari 27 gavana Jim Justice alitangaza nyongeza ya asilimia 5, na viongozi wa vyama vya walimu wakawaambia watu warudi kazini. Walimu wakakataa. Tangazo si sheria, na Seneti ya jimbo ilikuwa haijapitisha kitu. Siku chache baadaye ikajaribu kuishusha hadi asilimia 4. Waliendelea hadi Machi 6, sheria iliposainiwa, na asilimia 5 hiyo ikawahusu watumishi wote wa umma wa jimbo, polisi wakiwemo. Askari aliyekuwa akilinda lango la bunge la jimbo alipata nyongeza kwa sababu ya waliokuwa wakiimba nje ya lango lile. Hapo umoja una mshahara ndani yake. Suala la bima lilipelekwa kwenye kamati, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wa ushindi ule: kipengele kinachopelekwa kwenye kamati bila tarehe ya mwisho huachwa kipoe.

Sasa barabarani. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya kukusanyika kwa amani. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1941 kwamba mji unaweza kuweka masharti ya saa, mahali na namna ya maandamano, na masharti hayo hayapaswi kuangalia ujumbe. Mwaka 1992 ikaongeza kwamba ada ya kibali haiwezi kupandishwa eti kwa sababu waandamanaji watahitaji kulindwa dhidi ya wapinzani wa ujumbe wao. Kwa kawaida, wanaotembea kando ya barabara bila kuziba njia na wakifuata taa hawahitaji kibali. Kufunga barabara kunahitaji. Katika viwanja vingi vya hifadhi ya taifa mjini Washington, kundi lisilozidi watu 25 linaweza kuandamana bila kibali. Kikundi cha mashinani kikiyajua haya, hakitishiki na karani wa manispaa, wala hakivunji sheria kwa kutojua.

Wasimamizi wa msafara ndio moyo wa siku yenyewe. Msimamizi mmoja kwa kila watu 50 ni kiwango kinachowezekana hata kwa kundi dogo, mradi avae kizibao kinachoonekana na awe amefanya mazoezi ya kutukanwa. Nasema mazoezi kwa maana halisi. Nashville, kabla ya wanafunzi kwenda kuketi kwenye kaunta za chakula zilizotengwa kwa Wazungu mwaka 1960, mwanaharakati James Lawson aliwafundisha kwa kuwataka wenzao wawasukume, wawapulizie moshi usoni na kuwaita majina. Kanuni zao ziliandikwa kwenye karatasi: usijibu kipigo wala tusi, keti wima, tazama kaunta, usiondoke mpaka kiongozi akuruhusu. Hadi leo kosa la kawaida la msimamizi mgeni ni kuwageukia wapinzani walio ng'ambo na kuanza kubishana nao. Anatakiwa awape mgongo, awatazame watu wake, kwa sababu hao ndio anaoweza kuwatuliza.

Kosa jingine ni kutopanga mwisho. Fujo nyingi hazianzi katikati ya msafara. Huanza baada ya hotuba ya mwisho, giza likiingia, wazee wameondoka, wasimamizi wamevua vizibao, na waliobaki hawana wa kuwaongoza. Mwisho utangazwe kwa saa, jua likiwa bado juu, na watu watoke pamoja kuelekea vituo vya mabasi. Namba ya wakili iandikwe kwenye mkono kwa wino usiofutika, kwa sababu anayekamatwa hunyang'anywa simu, na wachache wana namba yoyote kichwani.

Na vifaa vilindwe. Mpinzani mjanja haishambulii hotuba, huvishambulia vifaa. Katika kususia mabasi ya Montgomery, Alabama, kupinga ubaguzi wa rangi, kulikodumu siku 381 kuanzia Desemba 5, 1955, waliosusia walisafirishwa na mamia ya magari ya kujitolea. Wapinzani waliiandama bima ya magari yale, ikafutwa tena na tena mpaka ikapatikana katika soko la bima la Lloyd's, London. Usiku wa kuamkia maandamano ya Washington ya kudai haki za Wamarekani weusi, ya Agosti 28, 1963, mtu aliharibu mitambo ya sauti, nayo ikatengenezwa na mafundi wa jeshi. Mpangaji mkuu wa siku ile, Bayard Rustin, alikuwa na muda usiofika miezi miwili kupokea watu wapatao 250,000. Alishughulika na vyoo, maji na mikate: chakula cha kufungashwa 80,000, chenye mkate wa jibini, kiliandaliwa na watu wa kujitolea mjini New York. Mwongozo wake uliwatahadharisha watu wasije na vyakula vinavyoharibika kwenye joto la Agosti.

Siku hiyohiyo ilionyesha gharama ya umoja, jambo ambalo magazeti hulipita haraka. Askofu Mkuu wa Washington, Patrick O'Boyle, alisema angejitoa ikiwa hotuba ya John Lewis, kijana kiongozi wa wanafunzi, haitalegezwa. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa maandamano yale mwenye miaka 74, alimsihi Lewis, na maneno yakabadilishwa nyuma ya sanamu ya Lincoln muda mfupi kabla ya kusomwa. Wapo wanaouona kama usaliti. Mimi nauona kuwa uamuzi sahihi, kwa sababu Lewis alibaki na ukali wa hoja yake na Kanisa Katoliki likabaki jukwaani.

Baada ya barabara huja karatasi. Wahafidhina wa Tea Party, vuguvugu la kupinga kodi na matumizi makubwa ya serikali, walioandamana Aprili 15, 2009, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, hawakuishia kwenye mabango; walihamia kwenye mikutano ya wabunge na kwenye kura za mchujo, na mwaka uliofuata chama cha Republican kiliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Wanaharakati wa upande wa pili waliinakili mbinu hiyo kuanzia mwaka 2017. Lakini kazi ya karatasi iliyovuka vyama ilifanyika Michigan, jimbo ambalo Trump alilishinda mwaka 2016 kwa tofauti ya kura zisizofika 11,000. Siku chache baada ya uchaguzi ule, mkazi wa huko, Katie Fahey, aliandika Facebook akiuliza nani angependa kukomesha wanasiasa kujichorea mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Kundi lililozaliwa hapo lilifanya mikutano 33 ya wazi kwa siku 33 kabla ya kuandika pendekezo. Zilihitajika saini 315,654 ndani ya siku 180. Waliwasilisha zaidi ya 425,000 bila kumlipa mkusanyaji hata mmoja. Ziada ile ilikuwa ya lazima, kwa kuwa wakaguzi huondoa saini za wasioandikishwa, zisizosomeka na zilizowekwa baada ya mkusanyaji kuthibitisha ukurasa wake. Tume waliyoipendekeza ina watu 13: wanne Republican, wanne Democratic, watano wasio na chama. Ilipita Novemba 2018 kwa takriban asilimia 61.

Mwezi huohuo Florida ilipitisha kwa zaidi ya asilimia 64 haki ya kupiga kura kwa waliomaliza vifungo, isipokuwa waliohukumiwa kwa mauaji au makosa ya ngono, na usiku uleule ikamchagua gavana wa Republican. Mamia ya maelfu ya wapiga kura, basi, waliweka alama pande zote mbili. Mwaka 2019 bunge la jimbo likatamka kwamba kumaliza kifungo ni pamoja na kulipa faini na ada zote za mahakama, na wengi wakazuiwa tena. Mwanya ulikuwa kwenye maneno "masharti yote ya hukumu", na pambano likahamia kwenye tafsiri yake.

Kuna pia wanaofanya kazi ya umoja bila bango. Braver Angels, shirika la kupatanisha wafuasi wa vyama, lililoanzia Ohio mwishoni mwa 2016, huketisha idadi sawa ya wahafidhina na waliberali. Kila upande huenda chumba chake na kuorodhesha dhana mbaya ambazo wengine wanazo juu yao, kwa nini si kweli, na chembe gani ya ukweli imo ndani yake. Baadaye upande mmoja hukaa duara la ndani na kueleza faida ya misimamo yao kwa nchi na wasiwasi wao juu ya upande wao wenyewe. Wengine husikiliza kimya, kisha hubadilishana. Udhaifu wake ni kwamba wanaokwenda ni wale walio tayari kusikiliza. Ndiyo maana mgomo wa West Virginia ulifika mbali zaidi: dereva wa basi hakuja kujenga maelewano, alikuja kwa ajili ya bima.

Mwandishi wako akitumwa, au akiandika kutoka kwenye meza yake, amuulize mwandaaji dai ni lipi, nani ana mamlaka ya kulijibu na lini. Atafute karatasi ya majina na namba za simu iliyopitishwa kwenye umati. Isipokuwepo, hiyo ni habari tosha. Ikiwepo, apige simu baada ya wiki sita, aulize ni wangapi walioandika majina yao wamekwisha kupigiwa.

Msomaji wako