Mheshimiwa Gavana, tuachieni kilima kimoja cha shaba

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi

Mheshimiwa,

Nina ombi moja, na nitalitaja mapema. Ninaomba jimbo litenge kilima kimoja kati ya vile vilima vya shaba vilivyo upande wa Likasi na Kambove. Kisichimbwe, kisiuzwe, kisizungushiwe ukuta. Kiwe mahali ambapo mkaaji wa mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi anaweza kupanda kwa miguu siku ya Jumapili pamoja na watoto wake, akala chakula cha kwao chini ya miti, akarudi nyumbani kabla ya giza.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa mjini. Kila mwaka nikifika kwenye somo la mimea na udongo, ninachora ubaoni maua ambayo yanaota katika nchi yetu na karibu hayapatikani mahali pengine duniani. Wanafunzi wananiuliza yako wapi. Ninawaambia: hapa hapa, kwenye vilima. Wanauliza tena: vilima gani, mwalimu? Hapo ndipo ninaposhindwa kuwapeleka, maana kila kilima ninachokijua kina mlinzi na geti, au kimekwisha kuwa shimo.

Itazame Jumapili ya Lubumbashi, Mheshimiwa. Misa ikiisha, watu wanatawanyika. Wenye uwezo wanakwenda kwenye mashamba ya starehe nje ya mji, ambako mlango unalipiwa, na ukiisha kuingia kila kitu kina bei yake. Wengine wanawapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama. Wachache wanafika Kipopo, pale palipokuwa na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki wakati wa Wabelgiji, wanakaa kando ya maji. Vijana wengi wanabaki kwenye baa za mtaani tangu mchana mpaka usiku. Siwalaumu hata kidogo. Mji wenye watu wengi namna hii, uliokaa kwenye uwanda wa karibu mita 1,200 juu ya bahari, wenye hewa nzuri na baridi ya Juni na Julai inayomfanya mtu atamani kutembea, haujawapa mahali pa kutembea.

Kuna terili, ndiyo, lile lundo kubwa la masalio ya kiwanda cha shaba. Tunaichora kwenye kadi na fulana pamoja na bomba lake refu la moshi, na mtu wa Lubumbashi akiiona picha yake akiwa ugenini moyo unamruka. Lakini lundo lile jeusi ni masalio ya tanuru, yaliyoanza kumwagwa pale shaba ya kwanza ilipoyeyushwa mwaka 1911. Ni eneo la kiwanda, si mahali pa kupandisha watoto, na kwa miaka zaidi ya ishirini sasa linachotwa na kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Hata huo mlima wa kutengenezwa na watu unapungua.

Sasa nizungumze juu ya vilima vyenyewe, maana ninaogopa kwamba mezani kwako vinafika kama namba za leseni tu. Mtu anayepita kwa gari kuelekea Likasi anaona msitu wa miombo pande zote, halafu ghafla kilima chenye upara: majani mafupi juu, miti imesimama chini kama iliyokatazwa kupanda. Udongo ndio uliokataza. Una shaba nyingi mno kwa mizizi ya miti, na kobalti pia. Kilichoweza kuishi pale ni mimea iliyojifunza kuvumilia sumu hiyo kwa maelfu ya miaka. Watafiti, wakiwemo wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamehesabu zaidi ya spishi 600 za mimea kwenye vilima zaidi ya 100 vya ukanda wetu wa shaba, na zaidi ya 30 kati ya hizo haziishi popote nje ya udongo huo. Kati ya mimea ya vilima hivi, mmoja ninaoupenda ni ule unaoitwa ua la shaba, Haumaniastrum katangense, jamii moja na mrehani, wenye maua ya urujuani.

Wazee wetu walivisoma vilima hivi kabla ya mwanajiolojia yeyote. Palipokuwa na upara na maua yale, walichimba malakiti, jiwe la kijani, wakaliyeyusha wakati wa kiangazi kwenye tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara na mahari, ikasafiri mbali sana na hapa. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipopita mwaka 1892 na kushangazwa na utajiri wa ardhi hii, alikuta mashimo ya watu waliokwisha kuijua. Hapa kando ya mji, mahali ambapo kampuni za kikoloni zilipaita Étoile, wenyeji walipajua kwa jina la Kalukuluku. Leo Kalukuluku ni shimo. Mtoto wa Lubumbashi hawezi tena kupanda pale asimame aone jinsi babu yake alivyoona.

Sisemi migodi ifungwe. Mishahara ya nusu ya wazazi wa darasa langu inatoka huko kwa njia moja au nyingine. Ninasema kwamba mgodi unapoanza, kilima hakipungui tu. Kinakwisha, na kikiisha hakuna fungu la bajeti litakalokirudisha. Spishi iliyokuwa kwenye vilima vitatu ikipoteza vyote vitatu, imetoweka kwa dunia nzima. Ukitenga kimoja sasa, kabla wengine hawajakiombea leseni, hutakuwa umemnyang'anya mtu kitu.

Na kupanda kwenyewe si jambo la kutisha. Hatuna theluji wala kamba. Vilima hivi ni vya mwendo mfupi. Mtoto wa miaka kumi anafika juu akiwa bado anaongea. Unaanza kwenye kivuli cha miombo, na humo njiani unapita vichuguu vinavyozidi urefu wa nyumba. (Wanasayansi waliopima umri wa vichuguu vya nje ya Lubumbashi walikuta kuna chenye zaidi ya miaka 2,000. Watu wanavivunja kila siku kufyatua matofali, na ningependa siku moja kukuandikia barua nyingine juu ya hilo.) Kisha miti inaisha, jua linakupiga, unatembea kwenye majani na mawe yenye madoa ya kijani, na ukifika juu unaona msitu mpaka macho yanachoka. Wakati mzuri ni mwishoni mwa mvua, Machi na Aprili, nchi ikiwa bado ya kijani, halafu tena Juni.

Kuhusu chakula, hapa ndipo ninapoomba usikilize zaidi, maana mara nyingi tukisikia neno utalii tunafikiri hoteli na meza zenye vitambaa vyeupe. Chini ya kilima hicho ninataka niwaone kina mama wa vijiji vya hapo, na masufuria yao. Bukari, yaani ugali wa mahindi, moto, iliyosongwa vizuri. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Samaki wa Kasenga, waliotoka Luapula na ziwa Mweru. Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwa wale ambao hawahesabu wametoka matembezini mpaka wamekula nyama. Na kikanda, ambacho watoto wa mjini wanakisahau: viazi vya okidi za porini vilivyosagwa na karanga na pilipili, vikapikwa mpaka vikashikana na kukatwa vipande. Okidi hizo nazo zinapungua kwa kuchimbwa ovyo, hivyo kiwepo, lakini kwa kiasi.

Kisha munkoyo. Mama anapika uji mwepesi wa mahindi, anauacha upoe kidogo, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga, na uji mzito unakuwa kinywaji chepesi kitamu, wakati mwingine kabla ya siku kuisha. Ukiachwa zaidi unachacha. Nimewahi kufundisha somo zima la vimeng'enya kwa kikombe cha munkoyo, na hakuna mwanafunzi aliyesinzia. Kinywaji hiki kinauzwa kwenye ndoo pembeni ya barabara wakati wageni wanapewa soda. Kwenye kilima chetu kiwe ndicho cha kwanza.

Wakati wa mvua kuna uyoga. Tangu Desemba wauzaji wanapanga mabeseni kandokando ya barabara ya Likasi na ya Kasenga, na kati yake kuna ule mkubwa kuliko uyoga wote unaoliwa duniani, unaoota pamoja na mchwa, ambao kofia yake inaweza kukaribia mita moja. Mgeni akiuona anaomba kupiga picha. Sisi tunaomba bei.

Lakini uyoga unanilazimisha kusema jambo gumu. Udongo wenye shaba na kobalti, na zaidi ya hapo vumbi la viwanda na la malori, linaingia katika mboga, katika uyoga, katika mikono ya watoto. Kwa hiyo kilima hicho kisiwe jirani ya kiwanda wala ya barabara ya malori ya madini. Chakula kisichumwe kwenye kilima chenyewe. Kitoke msituni na mashambani mbali kidogo. Kuwe na maji safi ya kunawa mikono kwa kila anayeshuka. Wataalamu wa chuo kikuu wapime udongo na maji kabla mtu wa kwanza hajaingia. Hilo sitalipunguza hata kama litachelewesha kazi.

Utaniuliza fedha. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 serikali ya mji au ya sekta ya kijijini ambako madini yanatoka, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Ninachokiomba kinahitaji njia iliyosafishwa, vibao, vyoo, kisima, paa la kupikia na walinzi wachache walioajiriwa kutoka vijiji vya hapo hapo. Ukilinganisha na kilomita moja ya lami, ni kidogo sana. Na kiingilio kiwe bei ambayo mama mwenye watoto wanne anaweza kulipa bila kufuta chakula cha jioni.

Utaniuliza pia wachimbaji wa mikono: nani atawazuia? Mlinzi peke yake hatawazuia. Kijiji kitakachouza bukari na munkoyo kila Jumapili kitakuwa na sababu ya kukitaka kilima kikiwa kizima, kwa sharti kwamba machifu na wanakijiji wakae mezani tangu siku ya kwanza, na fedha zionekane. Wakiletewa karatasi iliyokwisha kupigwa mihuri, watakuwa wa kwanza kubeba sururu, nami nitawaelewa.

Najua kuna watu watakaokuambia: kwa nini kilima kidogo wakati tuna Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300? Ninaitamani Lofoi kama wao. Barabara yake itengenezwe, tena upesi, maana kwa sasa safari hiyo ni ya mwenye gari la magurudumu manne na mafuta ya akiba. Lakini hata barabara ikiwa nzuri, Lofoi ni safari ya kulala huko. Mwanafunzi wangu wa Katuba anahitaji mahali pa kwenda na kurudi siku ile ile kwa basi, nauli ikiwa inajulikana.

Basi ninaomba hatua tatu mwaka huu. Iundwe tume ndogo ya watu wa chuo kikuu, wa mazingira, wa madini na machifu, ichague kilima ambacho bado kina maua yake na hakina leseni ya uchimbaji. Itolewe amri ya jimbo ya kukilinda, na ombi lifike Kinshasa ili sekta ya madini ikifute kwenye ramani yake. Na kabla ya mvua zijazo kukoma, njia ya kwanza iwe imekatwa. Kwa kazi hiyo ya mwisho usitafute kampuni: nina wanafunzi wa darasa la tano na la sita, na wazazi wao, walioniambia watakuja na majembe yao. Nitaleta orodha ya majina ofisini kwako siku utakayonipangia.

Pokea, Mheshimiwa, heshima zangu.

Mwalimu wa baiolojia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi