Matembezi ya pwani yafuate saa ya maji, si saa ya meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie makala mliyoichapisha karibuni kuhusu matembezi ya kuongozwa kando ya bahari, yale wanayouziwa abiria wa meli za kitalii wakati meli inapokuwa bandarini kwa saa chache. Mwandishi wenu aliyasifu matembezi hayo, nami siyapingi, kwa kuwa nimeyaongoza kwa miaka kumi na saba na nimewaona watu waliokaa majini siku nne mfululizo wakikanyaga mchanga kwa furaha ya mtoto aliyeruhusiwa kutoka shule mapema. Kilichonifanya nishike kalamu ni dai moja la makala hiyo, kwamba hii ndiyo shughuli rahisi kuliko zote kumwandalia abiria, kwa sababu haihitaji basi wala mashua, bali njia na mtu wa kutangulia tu.

Kutangulia ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, maana yeyote anayeijua njia anaweza kutangulia. Ugumu upo katika kuwapitisha watu ishirini na kitu, wa umri na afya tofauti, mahali ambapo bahari inakuja na kuondoka kwa saa zake, huku nyuma yao ikiwasubiri meli ambayo nayo ina saa zake. Ratiba ya matembezi haya hupangwa kwa saa ya meli, miezi mingi kabla, na watu ambao pengine hawajaiona pwani yenyewe, ilhali ingepaswa kupangwa kwa saa ya maji na kwa mwendo wa yule anayetembea nyuma ya wote.

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi hii, nieleze inavyokuwa. Matembezi huuzwa kuwa ya saa tatu. Meli ikifunga gatini kwa wakati na hati zikakaguliwa haraka, saa hizo tatu huwepo. Lakini mara nyingi meli hulazimika kutia nanga nje na kuwashusha abiria kwa mashua, kundi baada ya kundi, na bahari ikiwa na mawimbi kidogo tu shughuli hiyo huchukua muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa. Kuna meli ambazo saa za ndani hazifanani na saa za nchi kavu, na nimewahi kumsubiri ufukweni kwa saa nzima abiria aliyekuwa na hakika kwamba amewahi. Upande wa pili kuna muda wa mwisho wa kurudi melini, ambao hauongezwi hata kidogo. Kwa hiyo asubuhi inapopotea saa moja, saa hiyo hukatwa kwenye matembezi, ila ajabu ni kwamba njia haipunguzwi. Inabaki ileile, na watu wanatakiwa waitembee upesi zaidi.

Maji hayajui lolote kuhusu ucheleweshaji huo. Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kuliko jana yake. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji yakatoka mbali sana na kurudi juu sana. Jambo ambalo abiria wengi hawalijui, na mawakala wengine pia, ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukigawa kina kitakachopanda katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Aliyekaa juu ya mwamba saa ya kwanza akaona maji yamesogea kidogo tu huamini ana muda wa kutosha, na imani hiyo ndiyo inayomponza.

Iliniponza na mimi. Siku moja ya bamvua tulipangiwa kuondoka saa tatu asubuhi, maji yakiwa yanakwisha kupwa saa nne, kwenda na kurudi juu ya ubapa wa mwamba unaozunguka rasi. Ratiba hiyo ilikuwa nzuri. Lakini mawimbi yalichelewesha mashua, nasi tukaondoka saa tano kasoro dakika ishirini tukiwa watu ishirini na sita, mimi mbele na mwenzangu mmoja nyuma. Nilimwambia wakala aliyetupa kazi kwamba ni afadhali tuishie nusu ya njia, naye akanijibu kwamba abiria wamelipia pango lililoko mwisho wa rasi na wataliona. Tukaenda. Katikati ya ubapa kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na maji, ambao wakati wa kwenda tuliuruka mkavu, na mtu mmoja akapiga picha miguu yake ikiwa huku na huku. Tuligeuka saa sita na nusu. Tulipoufikia tena mfereji ule, saa saba kasoro dakika tano, haukuonekana. Palikuwa na uso mmoja wa maji tulivu, ya rangi ya chai ya mkandaa, na nilijua ulipo kwa sababu tu majani ya bahari yalikuwa yamelala upande mmoja yakivutwa na mkondo.

Tuliwavusha mmoja mmoja, maji yakiwa mapajani. Mama mmoja mwenye goti bovu, ambaye asubuhi aliniambia kwa aibu kwamba ataweza bila wasiwasi, aliteleza akajishika kwenye chaza waliogandamana na mwamba, na kiganja chake kikachanika kuanzia kidole gumba hadi kifundo. Mumewe alikuwa amebeba mkoba wake kichwani na hakuwa na mkono wa kumpa. Hakuna aliyekufa, na jioni wakala alinipigia simu kunishukuru kwa kuwa kundi liliwahi meli. Sijawahi kupewa shukrani iliyonichoma kama ile.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikugeuka, na jibu halinipi sifa. Nilikuwa nalipwa kwa matembezi yaliyokamilika. Wengi wetu ndivyo tunavyolipwa hadi leo: ukiwarejesha watu katikati ya njia, abiria hudai warudishiwe fedha, kampuni ya meli humdai wakala, naye wakala humkata mwongoza watalii. Kwa mpangilio huo tahadhari ni hasara, na hasara hiyo humwangukia aliye chini kabisa, ambaye ndiye pekee aliyesimama majini na kuyaona yanavyopanda. Tunaweza kufundishwa huduma ya kwanza kila mwaka na kupewa redio za mkononi, na yote hayo ni mema, lakini mpaka mkataba utamke kwamba kugeuka kunalipwa sawa na kufika, njia itaendelea kutembewa hadi mwisho.

Wasomaji watasema mfereji na kiganja ni mambo madogo. Basi tulikumbuke tukio la Whakaari, kisiwa cha volkano huko New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019. Watu 47 walikuwa kisiwani mlima ulipolipuka saa nane na dakika kumi na moja mchana, na 22 kati yao walifariki. Wageni 38 walikuwa wametoka katika meli moja ya kitalii, wakiwa kwenye matembezi ya kuongozwa waliyoyanunua kama sehemu ya safari. Wiki tatu kabla, wanasayansi walikuwa wamekipandisha kiwango cha tahadhari cha volkano hiyo, na taarifa hiyo ilikuwa wazi kwa umma. Ziara ziliendelea kama zilivyopangwa. Volkano si maji ya bamvua, lakini katika visa vyote viwili hali ya mahali ilikuwa imebadilika na ratiba haikubadilika nayo.

Kisha kuna suala la kuhesabu watu, ambalo huonekana dogo mpaka siku mtu anapopungua. Meli humsoma kila abiria kadi yake kwa mashine anapotoka na anaporudi, na kwa hiyo wengi hudhani meli haiwezi kumsahau mtu. Mnamo Oktoba 2025, katika kisiwa cha Lizard nchini Australia, abiria mmoja aliachana na kundi lililokuwa likipanda kilima, meli ikang'oa nanga bila yeye, na iliporudi baada ya saa kadhaa kumtafuta alikuwa amekwisha kupotea. Alipatikana kesho yake akiwa amefariki. Mimi sitoi hukumu kuhusu kisa hicho. Ninachosema ni kwamba hesabu ya ngazini huja mwishoni, wakati ya njiani hufanyika mtu akiwa bado umbali wa sauti. Huwa nahesabu tunapoanza, katika kila kona inayoficha walio nyuma, kabla ya kugeuka na baada ya kugeuka, na mtu akisema amechoka anataka kupumzika atatusubiri hapo hapo, hapumziki peke yake: mwenzangu hukaa naye. Hilo haliwezekani mwongozaji akiwa mmoja. Wakala anayempa mtu mmoja watu thelathini ameshaamua, hata kama hajui, kwamba atakayechoka ataachwa.

Idadi inayofaa si siri. Kule Antaktika, ambako meli za kitalii huwashusha watu wengi kila msimu, utaratibu uliokubaliwa na nchi za Mkataba wa Antaktika mwaka 2009 unataka abiria wasiozidi 100 wawe ufukoni kwa wakati mmoja mahali pamoja, pawepo walau kiongozi mmoja kwa kila abiria 20, na meli zenye abiria zaidi ya 500 zisishushe mtu kabisa. Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali, tangu Januari 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi kushusha watu katika maeneo yaliyohifadhiwa. Sheria hizo zilitungwa zaidi kwa ajili ya kulinda wanyama na mimea, na ni kweli kwamba matumbawe yakikanyagwa na viatu mia mbili kwa asubuhi moja huvunjika. Lakini nimeona kwamba kundi dogo linaloweza kuchungwa lisiharibu mahali ndilo hilo hilo linaloweza kuchungwa lisidhurike.

Limebaki neno la kusema juu ya vijitabu vya meli. Matembezi huandikwa humo kuwa ni mepesi, ya wastani au magumu, bila kuelezwa mepesi kwa nani. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, yaani karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa hesabu yake kilomita 6 za pwani tambarare ni kama saa moja na robo. Sijawahi kuziongoza kwa muda huo. Naismith aliwakadiria wapanda milima wenye afya katika njia za kawaida, wala hakumfikiria mzee wa miaka sabini na tano aliyevaa ndala juu ya mawe yenye utelezi, akisimama kila dakika kumi kuuliza choo kiko wapi. Kijitabu kingemfaa abiria zaidi kama kingetaja mambo ya kawaida kabisa: ngazi ni ngapi, mahali pa mawe ni parefu kiasi gani, kivuli kipo au hakipo, choo kipo au hakipo, na ni wapi mtu anaweza kukata shauri arudi bila kuwarudisha wengine. Mama yule mwenye goti angesoma hayo kitandani mwake usiku uliotangulia, akachagua kubaki ufukoni na kitabu chake, bila kulazimika kunidanganya mbele ya watu.

Mwandishi wenu alishauri kwamba matembezi yaongezwe kwa kila meli inayokuja. Sina kinyongo na hilo, mradi kila njia ipimwe kwanza wakati maji yakiwa juu, si wakati yakiwa chini na yanapendeza kupigwa picha, na iwe na njia fupi ya badala ambayo mwongozaji anaweza kuichagua bila kumwomba mtu ruhusa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa safari hutangaza meli zitakazoingia na saa za kufika na kuondoka. Wekeni kando yake saa za maji kupwa na kujaa za siku hiyo. Abiria au mwenyeji anayetaka kununua matembezi ataziona saa zote mbili kwa pamoja, na kijana atakayepigiwa simu usiku aambiwe kesho kundi litachelewa kidogo atakuwa na karatasi ya kumwonyesha wakala.

Wako,
Mwongoza matembezi ya pwani