Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaiwasha Pikipiki ya Mjomba Wako

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hapa hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua kama kawaida yake kila kusi ikivuma. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunijibu "sawa mama" kabla sijamaliza kusema, na jambo hili sitaki likatizwe.

Mkeo alinipigia Jumapili. Usimgombeze, maana angenyamaza ndipo ningemlaumu. Ameniambia mambo mawili: kwamba wewe na wenzako mmepanga kutoka Masasi kwa pikipiki hadi Songea kumkumbuka mjomba wako anapotimiza miaka mitatu tangu tumzike, na kwamba tangu Ramadhani unatokwa na damu chooni nawe unasema ni kiti cha pikipiki. La kwanza sina neno nalo. La pili limeninyima usingizi.

Sitakusimulia habari za mjomba wako na ile pikipiki yake ya XL 125, kwa maana wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia tochi alipofungua injini usiku pale uani, na mimi kazi yangu ilikuwa kulalamikia oili kwenye mkeka. Ninachotaka ukikumbuke ni kwamba naye alisema ni kiti. Alisema hivyo kwa miezi minane. Mtu aliyekuwa akipanda Newala na kurudi siku hiyo hiyo, wakati njia ya huko juu ilikuwa vumbi na makorongo matupu, aliona kuumia makalio ni sehemu ya safari, na sisi tukaona hivyo hivyo. Wote tulimwogopea barabara. Nikisikia lori limefunga breki huku njiani, nilikuwa naacha nilichoshika na kusoma dua. Huko tumboni hakuna aliyemwogopea.

Daktari wa Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, alinieleza kwamba saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kiuvimbe kidogo kisichouma, ambacho huweza kukaa ndani hata miaka 10 kabla ya kugeuka, na kwamba kikikutwa mapema hukatwa na mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ya mjomba wako ilikutwa imekwisha kufika kwenye ini. Dripu alizotundikiwa zilikuwa za kumwongezea siku, na nadhani alilielewa hilo kabla yangu, kwa sababu safari ya mwisho ya Dar es Salaam hakuniagiza tena spoketi ya Kariakoo. Alikuwa na miaka 49.

Daftari lake la pikipiki unalijua: kilomita, lita za petroli, siku ya kubadili oili, siku ya kubadili plagi. Labda hukuwahi kuona kwamba katika kurasa za mwisho, pembeni mwa tarehe kadhaa, ameandika herufi D peke yake. Mimi niliziona nikipanga kabati, kabla hajaanza kukonda. Nilimwuliza, akasema ni deni la petroli. Nami niliyekuwa nikimfulia nguo zake nikakubali kwamba ni deni. Kuhusu ile mizizi aliyochemshiwa asubuhi na jioni, aliyeileta alikuwa na nia njema, na sufuria ilikuwa yangu.

Inawezekana kabisa kwamba yako ni bawasiri. Wengi wanaotokwa na damu huwa ni hiyo tu. Lakini si wewe wa kuamua, wala muuzaji wa duka la dawa anayekupa marhamu ya kupaka. Ukisikia kelele ndogo kwenye cheni unasimama njiani kuiangalia, na hii ni miezi minne. Nenda hospitali ya Ndanda, si mbali nawe, au njoo hapa Mitengo kwenye hospitali ya rufaa ya kanda ulale nyumbani kwako. Ukifika usiseme tu kwamba tumbo linauma. Sema wazi: damu, tangu lini, choo kimebadilika namna gani, kama umepungua uzito, na kwamba ndugu wa mama yako alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Wakikuandikia kipimo cha kamera, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo, upimwe hata kama ni Dar es Salaam. Najua wanaume wa kwetu mnavyoona haya. Mjomba wako mara ya kwanza alipoambiwa alale ubavu alivaa viatu akaondoka, akasema daktari mwenyewe ni kijana mdogo.

Usidhani nakuzuia kuendesha. Ulipoifufua ile injini iliyokaa mwaka mzima chini ya turubai, niliisikia tangu kwenye kona ya msikitini nikasimama mlangoni na ndoo mkononi. Badala ya kukupongeza nikakuuliza mchango wa hitma. Ndivyo nilivyo, unanijua. Tena barabara ile ya Tunduru aliyoipita ikiwa udongo mwekundu, akalala siku mbili nyuma ya malori yaliyokwama, alitamani sana kuipita ikiwa na lami mpaka Songea, na mwaka alioipangia ndio aliolazwa. Mpwa kuimalizia safari ya mjomba wake ni jambo la heshima. Ila uende umepimwa.

Suala la fedha usilitoe kama sababu. Ile iliyobaki kwenye korosho za msimu uliopita nilikuwa nimeitenga kwa bati za jikoni. Chukua hiyo kwa nauli na vipimo, kwa kuwa mvua bado ziko mbali. Salfa ya mikorosho tumekwisha kupuliza duru ya kwanza, ingawa kijana uliyemtuma alipuliza bila kuziba pua na sasa anakohoa. Duru ijayo mnunulie barakoa, nawe uwe unamsimamia mwenyewe badala ya kutuma ujumbe.

Mwezi wa tano nilipokuambia nimekwenda Dar es Salaam harusini, harusi ilikuwapo kweli, lakini nilibaki siku nne zaidi. Nilipimwa kwa kamera. Daktari alikuwa ameniagiza, tangu mjomba wako yu hai, kwamba sisi tuliozaliwa naye tukapimwe, nami nikawa nasingizia mikorosho mwaka hadi mwaka. Wamekuta kiuvimbe kimoja, wakakitoa hapo hapo, na majibu yamekuja salama. Sikukuambia kwa sababu ungenifokea, na ungekuwa na haki. Hilo la kwangu limekwisha, usinipigie simu kwa ajili yake. Nipigie ukishapata tarehe yako.

Pikipiki umeachiwa wewe, hakuna anayebisha. Lakini kadi yake iko sandukuni kwangu pamoja na daftari, na nitakukabidhi vyote viwili siku utakayoniletea karatasi ya daktari. Ukija, mwambie mkeo akupe na lile beseni langu la bluu aliloazima siku ya arobaini.

Mama yako