Mdogo wangu, mwache Mama amwite Blezi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti kuhusu jina la mwanao, Blaise, nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikasikia kwamba umeumia kweli. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hata Mjomba alisema yake hadharani, kwenye kundi la ukoo lenye watu wengi kuliko harusi: eti kutoka Kigoma hadi Bujumbura majina yamekwisha mpaka mkaokota la mkoloni? Lile la Kirundi ambalo shemeji, mumeo, alimpa mtoto hakuna aliyeligusa. Wameshupalia Blaise tu. Mmoja akauliza kama ni bleza ya shule. Mama hakuuliza kitu, yeye kashaanza kumwita Blezi, na nahisi hilo ndilo linalokukera kuliko maneno ya Mjomba. Unataka litamkwe Kifaransa, liishie kwenye z.

Nilikuwa upande wa Mjomba, nisikufiche. Kisha nikakaa jioni kadhaa nikiwafuatilia waliowahi kuitwa hivyo, na sasa siko upande wake, ingawa siko upande wako moja kwa moja.

Jina lenyewe halikuzaliwa Ufaransa. Wafaransa walilipata kanisani kama sisi. Kwa Kilatini ni Blasius, na neno lililo nyuma yake, blaesus, maana yake ni mtu mwenye ulimi mzito, mwenye kigugumizi. Usinune. Warumi walikuwa na mtindo wa kuitana kwa kasoro za mwili, kama sisi na akina Kipara na akina Chongo wetu. Aliyelipa heshima ni askofu wa Sebaste katika Armenia ya kale, mji ambao leo unaitwa Sivas na uko Uturuki. Mapokeo yanasema alikuwa tabibu kabla ya kuwa askofu, akauawa mnamo mwaka 316 baada ya kuchanwa mwili kwa vitana vya chuma vya kuchania sufu. Ila kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mvulana aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni, roho ikamfika puani, na huyo mtakatifu akamponya. Ndiyo maana tarehe 3 Februari padri huweka mishumaa miwili iliyopishana kwenye shingo ya mtu na kumwombea koo. Wewe ulipofanyiwa mara ya kwanza ulidhani anataka kukuunguza nywele, ukalia Misa nzima.

Hebu fikiria: jina la kigugumizi ndilo la msimamizi wa makoo! Na sisi watoto wa ziwani, tuliolelewa kwa migebuka na kumezeshwa tonge kavu la ugali kila mwiba ulipokwama, ndio wa kuambiwa mtakatifu huyo hatuhusu? Tena kwetu yuko siku nyingi. Akina Blasi na Blasius wamejaa Tanzania, na sijamsikia Mjomba akimwita hata mmoja wao mkoloni. Kosa la mwanao ni kuzaliwa ng'ambo ya mpaka, upande ambako jina lilifika na wanaozungumza Kifaransa. Hispania angekuwa Blas, Italia angekuwa Biagio, Kroatia angekuwa Vlaho. Kila walikolipokea walilipinda kulingana na midomo yao.

Hapo pa kupinda nitaparudia.

Mjomba hana kosa lote, hata hivyo. Yeye alikuwa kijana wakati wa biashara za majahazi na upande wa pili wa ziwa, na aliyaona ya Zaire. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, na akina Blaise wa Kalemie na Bukavu wakawa akina Blaise wa nyumbani tu, kwenye kitambulisho hawamo. Mtu aliyeshuhudia hayo hawezi kuliona jina kama nguo tu. Lakini cha kuchekesha ni kwamba huko Ufaransa kwenyewe serikali ilishika majina kwa mkono huo huo. Sheria ya mwaka 1803 ilimruhusu msajili kukubali majina ya kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale, basi, na mzazi hakupata uhuru kamili hadi mwaka 1993. Jina Blaise lilipita kwa sababu lina siku yake kwenye kalenda. Shemeji naye alifanya hivyo hivyo: mtoto alizaliwa tarehe 3 Februari, akatazama kalenda ya ukutani, kazi ikaisha. Miaka 190 ya sheria ya Ufaransa kwenye ukuta wa sebule yenu.

Sasa nikuletee mkubwa wao. Blaise Pascal alizaliwa Clermont, katikati ya Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, akalelewa na baba pamoja na dada wawili. Baba alikuwa ofisa wa kodi, na huko Rouen alikesha akijumlisha hesabu za wilaya nzima. Kijana akamhurumia. Kuanzia mwaka 1642, hajafika miaka 20, akaanza kuunda mashine ya kujumlisha: magurudumu yenye meno, ambapo gurudumu moja likipita 9 linalisukuma la jirani hatua moja. Alitengeneza mifano kama 50 kabla ya kuridhika. Mashine ya kujumlisha ilitokana na mtoto kumwonea huruma baba yake. Wewe mbona hukuwahi kuniundia hata kibao cha kukunia nazi?

Lakini ninachokipenda zaidi ni cha mlimani. Enzi zile walibishana kama hewa ina uzito. Pascal aliwaza kwamba, kama inao, basi zebaki iliyo ndani ya bomba la kioo itashuka ukipanda mlima, kwa kuwa juu hewa inayoikandamiza ni kidogo. Mlima ulikuwepo nyumbani kwao, Puy de Dôme, mita 1,465. Yeye alikuwa Paris, mgonjwa mgonjwa kama kawaida yake. Unajua alimtuma nani? Shemeji. Florin Périer, mume wa dada yake, alipanda tarehe 19 Septemba 1648 na mabomba na zebaki, na chini bondeni mtawa mmoja akaachwa na bomba lingine alitazame mchana kutwa kama litabadilika. La chini halikusogea. La juu zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Leo mtabiri wa hali ya hewa akitaja kanieneo kwa hektopaskali, jasho lililotoka lilikuwa la shemeji na jina lililobaki ni la yule aliyekaa Paris. Mwonyeshe mumeo aya hii.

Mwaka 1654 aliandikiana barua na mwanahisabati Fermat kuhusu namna ya kugawana fedha za kamari iliyokatishwa katikati, na humo ndimo hesabu za uwezekano zilimoanzia. Novemba ya mwaka huo huo akapatwa na usiku wa maono, akayaandika kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti lake, na haikuonekana hadi alipokufa. Mtu wa namba na mtu wa kushona sala kwenye koti, ni huyo huyo mmoja.

Na kuna hili ambalo nadhani litampendeza Mjomba, maana alikuwa kondakta. Tarehe 18 Machi 1662 Paris ilianza kuwa na magari ya farasi ya abiria wote, yenye njia maalumu na nauli moja ya soli 5, sarafu za Ufaransa za enzi hizo. Wazo lilikuwa la Pascal na rafiki yake, mtawala wa Roannez. Daladala kabisa! Hata jina la daladala kwetu linatokana na dala, ile sarafu ya shilingi 5, kwa hiyo tunakutana kwenye tano. Tofauti ni kwamba magari yake yaliondoka saa ikifika, yamejaa au matupu, jambo ambalo Mjomba angeliita wazimu. Sehemu ya faida aliitaka iende kwa maskini. Mahakama kuu ya Paris ikaharibu: askari, watumishi na vibarua wakakatazwa kupanda. Miezi mitano baadaye, tarehe 19 Agosti, akafa akiwa na miaka 39.

Wengine wa zamani nitawapitia haraka. Blaise de Monluc alikuwa jemadari wa karne ya 16, katili kwa Waprotestanti, akapigwa risasi usoni mwaka 1570 na tangu hapo akawa anavaa barakoa. Simtaki karibu na mtoto. Blaise de Vigenère alikuwa mtaalamu wa maandishi ya siri, na fumbo linaloitwa kwa jina lake kumbe lilichapishwa kwanza na Mtaliano Bellaso mwaka 1553. Alipewa sifa ya mwenzake bila kuiomba. Na mshairi Blaise Cendrars, Mswisi, hakuzaliwa Blaise hata kidogo. Alikuwa Frédéric-Louis Sauser, akajitungia jina kutokana na maneno ya Kifaransa ya kaa la moto na majivu. Vitani mwaka 1915 alipoteza mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa kushoto.

Mtu aliyenisumbua usingizi ni Mwafrika. Alizaliwa kisiwani Gorée, Senegal, mwaka 1872, akapewa jina Galaye Mbaye Diagne. Familia ya machotara wa Gorée, akina Crespin, ilimchukua kumlea, ikambatiza Blaise. Hapo Mjomba ana haki ya kukohoa. Blaise Diagne akawa ofisa wa forodha, akahamishwa hamishwa kutoka Dahomey hadi Réunion na Madagaska, na Mei 1914 akachaguliwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi la Ufaransa. Alitumia kiti hicho kupata sheria ya tarehe 29 Septemba 1916, iliyothibitisha kwamba wenyeji wa miji minne ya Senegal na vizazi vyao ni raia wa Ufaransa. Mjomba angesimama apige makofi.

Kisha mwaka 1918 Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, akamtuma Afrika Magharibi kuandikisha askari. Wakoloni weupe walikuwa wameogopa, maana watu walishaanza kuasi na kukimbia. Diagne akazunguka kwa sauti na ahadi zake, akarudi na vijana zaidi ya 60,000. Koo tena, unaona? Mwaka uliofuata aliongoza Kongamano la Waafrika wote huko Paris pamoja na W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi. Nimejaribu kumweka kwenye kapu moja, la wema au la usaliti, haingii. Mwaka 2017 Senegal ilifungua uwanja mpya wa ndege wa Dakar na kuupa jina lake, kwa hiyo wenyewe wameshaamua, au angalau rubani akitangaza anatua hana budi kulitamka.

Usiniambie nimemruka Compaoré. Ndiye wa kwanza aliyekuja kichwani mwa Mjomba, najua. Blaise Compaoré alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, siku ile ile ya mwanao, na bila shaka kwa kalenda ile ile. Tarehe 15 Oktoba 1987 Rais Thomas Sankara, rafiki yake, aliuawa, naye akachukua nchi ya Burkina Faso, akakaa miaka 27 hadi wananchi walipomtoa Oktoba 2014. Mwaka 2022 mahakama ya Ouagadougou ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kushiriki mauaji hayo, yeye akiwa Ivory Coast. Sina la kumtetea. Namtaja ili siku mtoto akitaniwa shuleni asishtukizwe, awe amemsikia kwanza kwako.

Akiisha kumsikia huyo, mpe Blaise Matuidi, mchezaji mpira. Kazaliwa Toulouse, baba Mwangola, mama Mkongo, mapafu kama ya farasi, na tarehe 15 Julai 2018 alianza fainali ya Kombe la Dunia. Ufaransa iliifunga Kroatia 4 kwa 2, na ndiyo Kroatia ile ambayo mji wake wa Dubrovnik unalindwa na Mtakatifu Vlaho, yaani Blaise mwenyewe. Sijui siku ile huyo mtakatifu alishangilia upande gani.

Sasa hilo la kupinda. Muarmenia, Mrumi, Mfaransa, Mkroatia, mmisionari wa kwetu, kila mmoja alilitafuna jina hili kwa meno yake. Wewe unataka litoke kwa Mama kama linavyotoka kwenye redio ya Paris? Yeye hajui kumalizia neno bila irabu na hajifunzi leo. Shuleni ataitwa Blaise, kwa baba yake ataitwa Blaise, ukimgombeza utamwita vyovyote upendavyo. Kwa Mama ni Blezi.

Jana alikuwa akipanga samaki uani akaniuliza kama Blezi keshaanza kula mgebuka. Nikamwambia, Mama, ana miezi mitano. Akafikiri, akasema sawa, atasubiri, lakini ukimleta asichambuliwe miba na mtu mwingine.

Dada yako