Barua ya wazi kwa msimamizi wa vyombo vya majini: wimbi kubwa huzaliwa mwendo ukiwa mdogo

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Usalama wa Vyombo vya Majini,

YAH: BOTI ZINAZOVUTA WATELEZAJI NA HAKI YA WENGINE ZIWANI

Mheshimiwa, pokea salamu zetu. Sisi tunaokuandikia ni watu wa boti. Tunaendesha, tunavuta watelezaji, yaani watu wanaoteleza juu ya maji nyuma ya boti, tunafundisha manahodha wapya, na baadhi yetu hupiga makasia alfajiri kwenye maji hayohayo. Hatuombi mchezo huu upigwe marufuku. Tunaomba kanuni zake zifuate jinsi wimbi linavyozaliwa na linavyosafiri, maana nyingi zilizopo zimeazimwa kutoka barabarani.

Wenye mitumbwi na wenye nyumba za ukingoni wanapolalamikia mawimbi ya boti hizi, jibu la haraka huwa kuweka kikomo cha mwendo. Kwa gari, jibu hilo lina maana. Kwa boti linaweza kuzidisha tatizo, na sababu yake tunaomba uisome taratibu, kwa sababu maombi yetu yote yamesimama juu yake.

Boti ya injini ina hali tatu. Ikienda polepole kabisa, injini ikinguruma chini, hukaa sawa majini na kuacha kikunjo kidogo tu nyuma yake. Ikikimbia, huinuka na kuteleza juu ya uso wa maji, na wimbi lake hupungua. Kati ya hali hizo mbili kuna hali ya kulima: omo, yaani mbele ya boti, imeinuka juu, tezi, yaani nyuma yake, imezama, nahodha haoni vizuri mbele, na boti inasukuma maji mengi kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo wimbi kubwa linapotoka. Nahodha mwenye nia njema anayeona mtumbwi mbele yake, akapunguza mwendo nusu tu, ameitoa boti yake kwenye hali ya kuteleza na kuiingiza kwenye hali ya kulima, tena jirani kabisa na yule aliyetaka kumstahi.

Sasa zipo boti zilizoundwa makusudi zibaki katika hali hiyo. Mteleza kwa ski, yaani vibao vyembamba vya miguuni, huvutwa kwa takriban kilomita 45 hadi 58 kwa saa, na anataka maji tulivu na wimbi dogo. Wa ubao uliofungwa miguuni huvutwa kwa kilomita 30 hadi 37. Mchezo uliokuja baadaye, ule wa kupanda wimbi la boti bila kushika kamba, huchezwa kwa kilomita 16 hadi 19 tu kwa saa. Mchezaji hukaa mita chache nyuma ya tezi, na wimbi lenyewe ndilo linalomsukuma. Ili wimbi hilo liwe refu na lenye umbo, boti hujazwa farumi: matangi ya maji yaliyo chini ya sakafu na viti, ambayo kwa boti nyingi hubeba zaidi ya tani moja. Nyuma huwa na bamba la chuma linalovuta tezi ichimbe chini, na mara nyingi bamba jingine la pembeni linaloufanya upande mmoja wa wimbi uwe safi. Kikomo cha kilomita 20 kwa saa hakiigusi boti hiyo hata kidogo. Kinamfukuza mteleza kwa ski, ambaye wimbi lake ni dogo, na kumwachia ziwa yule mwenye wimbi kubwa.

Ukubwa wenyewe usichukuliwe kijuujuu. Nguvu iliyomo ndani ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake: kimo kikiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 4, kikiongezeka mara 3, nguvu huwa mara 9. Maabara ya Saint Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ilipima boti hizi na kuzilinganisha na boti za kawaida za burudani, ikatoa ripoti mwaka 2022. Iliona kwamba wimbi la boti ya kupanda wimbi linahitaji zaidi ya futi 500, yaani mita 150 na ushei, ndipo lipungue hadi kufanana na lile ambalo boti ya kawaida hulifikisha kwa futi 200. Watafiti wa Québec, Kanada, waliopima kwenye maziwa ya Memphrémagog na Lovering mwaka 2014, walipendekeza mita 300 kutoka ukingoni. Chama cha wafanyabiashara wa michezo ya majini huko Marekani, WSIA, kimekuwa kikiwashauri manahodha wakae angalau futi 200, kama mita 60. Sisi tunafaidika na mchezo huu, lakini hatuwezi kukwambia kwamba mita 60 zinatosha. Hazitoshi.

Umbali peke yake nao haujamaliza kazi. Kuna kina.

Boti inayokwenda kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, huacha nyuma yake mawimbi yenye takriban mita 16 kutoka kilele hadi kilele. Wimbi huanza kuhisi chini ya ziwa kina kinapokuwa nusu ya urefu huo, kwa hiyo hata kwenye mita 7 mchanga umeshaanza kuguswa. Kwenye mita 3 mambo huharibika zaidi. Kwa kina hicho mawimbi hayawezi kukimbia kuliko takriban kilomita 19 na nusu kwa saa, na huo ni karibu sawa na mwendo wa boti yenyewe. Boti na wimbi lake hukaa pamoja, nguvu haitawanyiki, maji hurundikana. Ongeza na rafadha, yaani pangaboi la kusukuma boti: omo ikiwa juu na tezi imezama, rafadha haisukumi maji kwenda nyuma tu, inayaelekeza chini kwa mshazari kama bomba. Matope hupanda, na matope yamebeba fosforasi iliyokuwa imetulia chini, ambayo ndiyo chakula cha mwani. Mimea ya chini hung'oka, na mayai ya samaki wanaotaga kwenye changarawe hufukiwa. Maabara hiyohiyo ya Minnesota, katika ripoti yake ya mwaka 2025, ilishauri boti zikiwa katika hali ya kupandisha wimbi zisifanye kazi kwenye kina kinachopungua futi 20, yaani mita 6.

Ukingoni, wimbi haliwapigi wote sawasawa. Ukingo wenye matete na mteremko wa mawe hulimeza. Ukuta wa zege ulionyooka hulirudisha karibu lote, likakutana na linalokuja, na maji ya mbele ya ukuta yakachafuka kwa muda mrefu baada ya boti kupita. Boti zilizofungwa gatini hupandishwa na kukata kamba au kupasuka ubavu. Ndege wanaotaga juu kidogo tu ya usawa wa maji hupoteza mayai kwa wimbi moja.

Jimbo la Vermont, Marekani, limeshaandika kanuni ya namna hii tangu 2024: boti ikiwa katika hali ya kupandisha wimbi iwe futi 500 kutoka ukingo wowote, juu ya kina cha futi 20 au zaidi, na ziwa liwe na eneo lisilokatika la ekari 50 linalotimiza masharti hayo. Tunachopenda ni kwamba kanuni hiyo inaangalia boti inafanya nini wakati huo. Boti ileile ikimwaga farumi, ikakunja mabamba na kumvuta mteleza kwa ski, inahesabiwa kama boti nyingine yoyote. Mkaguzi anaweza kuithibitisha kwa macho: omo imeinuka au haikuinuka, matangi yamejaa au hayakujaa, kuna mtu juu ya wimbi au hakuna.

Kwa hiyo ombi la kwanza: mita 150 kutoka ukingoni, gatini, kwa waogeleaji na kwa vyombo visivyo na injini, kina cha mita 6, na maziwa yasiyo na nafasi hiyo yatajwe kwa majina. Maboya ya rangi yawekwe kwenye mpaka huo, kwa sababu hakuna nahodha anayeweza kukadiria mita 150 juu ya maji matupu. Macho hudanganywa sana pasipo mti wala jengo la kulinganisha.

Ombi la pili ni mafunzo, na hapa ustaarabu ndio unaofundishwa. Mtu akianguka, nahodha asiyefundishwa hugeuza boti kwa kasi palepale ili amfikie upesi. Mzunguko huo hutupa mawimbi pande zote, mengine yakamrudia mtu aliye majini, na maji ya kila mtu yakaharibika. Utaratibu sahihi ni huu: rudisha mkono wa mafuta chini kabisa, acha mawimbi yako yakupite, geuza polepole, mrudie kwa mwendo wa kutambaa ukimweka upande wa usukani unaoona vizuri, na uzime injini kabla hajashika ngazi. Gia huru haitoshi. Mwangalizi wa pili awemo botini wakati wote, kazi yake kumtazama anayevutwa, ili macho ya nahodha yabaki mbele.

Njia ya kuvutia nayo ina adabu yake. Pita katikati ya ziwa kwa mstari mnyoofu, geuka mwishoni polepole, rudi juu ya mstari uleule. Mawimbi ya kwanza yatakuwa yameshaondoka kwenda kando, nawe utakuta maji yametulia, na jirani ajue kwa uhakika utapita wapi. Anayezunguka duara, au anayezunguka kisiwa, hugonga mawimbi yake mwenyewe na kuwafungia wengine ndani ya maji yaliyochafuka. Lakini mstari mmoja ukirudiwa kutwa nzima huumiza ukingo mmoja, kwa hiyo baada ya mizunguko michache uhame. Muziki wa spika za juu ya mnara wa boti uelekee kwa abiria. Sauti juu ya maji matulivu husafiri mbali mno, na spika nyingi zimefungwa zikitazama nyuma, yaani kwa majirani.

Na nahodha afahamu kwamba kuvuta mtu hakumpi kipaumbele. Kwa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, ambazo sheria nyingi za maziwa zimechukua mfano wake, yeye ni chombo cha injini kama vingine: humpisha mwenye tanga, na akimpita mtu kutoka nyuma, mzigo wa kujiepusha ni wake. Anapokutana na mtumbwi, apunguze mapema, mbali, na apunguze mpaka omo ishuke kabisa. Akishindwa kufanya hivyo mapema, ni heri ageuke aende mbali kuliko kupunguza nusu.

Wenye vyombo vidogo nao wafundishwe. Mtumbwi mfupi au boti ndogo ya kuvulia ielekeze omo kwenye wimbi kwa mshazari wa nyuzi kama 45, isikae ubavu. Boti ndefu nyembamba za mashindano ya makasia ni kinyume, na hili huwashangaza wengi: zisimame, zilale sambamba na wimbi, makasia yakiwa bapa juu ya maji. Zikilikabili kwa omo huning'inia kati ya vilele viwili, maji yakamiminika ndani katikati, na nyingine huvunjika.

Ombi la tatu halionekani kwa macho. Farumi huvutwa kutoka ziwa moja, na matangi hayamwagiki yakaisha. Utafiti wa Wisconsin uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwa wastani zaidi ya lita 30 zimebaki ndani ya mfumo baada ya pampu kumaliza, na kwenye boti moja zaidi ya lita 80. Ndani ya maji hayo husafiri viluwiluwi vya kome milia, kome wavamizi, na vipande vya magugu hadi ziwa la pili. Kwenye njia ya kushushia boti pawekwe sehemu ya kumwagia iliyo mbali na maji, na mashine ya maji moto: nyuzi 60 za Selsiasi kwa ubavu, na takriban 49 kwa matangi na pampu kwa dakika 2 na zaidi, kwani moto mkali zaidi huharibu pampu zenyewe. Plagi ya ngama, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji chini ya boti, ibaki wazi boti inaposafirishwa barabarani. Mwenye kutumia ziwa moja tu msimu mzima asisumbuliwe. Anayehamahama aoneshe cheti cha kusafishwa.

La mwisho ni la uhai. Moshi wa injini hutokea tezini, na boti ikitambaa au upepo ukivuma kutoka nyuma, hewa huuzungusha urudi juu ya jukwaa la kuogelea. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na watu wamekufa wakiwa wameshika jukwaa hilo huku boti ikienda. Kanuni iseme wazi: injini ikiwaka, hakuna mtu kukaa wala kuning'inia tezini. Na kupanda wimbi kuruhusiwe tu nyuma ya boti ambazo rafadha yake imefichwa chini ya boti, kamwe siyo zenye injini ya kuning'inia nje.

Ramani za kina cha maziwa zinaweza kupimwa kwa sonari ya kawaida ya wavuvi, boti moja ikipita mistari sambamba. Tuko tayari kutoa boti na manahodha kwa kazi hiyo, na kuonesha maofisa wako hali zote tatu za mwendo wakiwa wamesimama ukingoni na rula ya kupimia wimbi mkononi. Siku ichaguliwe na ofisi yako, isiyo na upepo.

Wako watiifu,
Waendeshaji, walimu na wapiga makasia wa maziwa